Yohana na Laini ya Kumi na Tano

Mtu wa mbali hudhani kwamba anayeishi katikati ya chai hunywa chai. Angefika kwenye kibanda cha Mama Phyllis, pale barabara ya Roret inapoachana na ile ya kuingia shamba la kampuni, angeona mambo. Pale hunywewa kahawa. Kaka yake Phyllis huileta kutoka Fort Ternan, yeye huichemsha na tangawizi kwenye birika lililoungua mpaka likasahau rangi yake, na wanywaji ni watu walioshinda na majani ya chai mgongoni tangu alfajiri, hawataki kuyaona tena hata yakiwa ndani ya kikombe. Benchi lenyewe ni nguzo ya stima iliyoanguka mwaka wa mvua kubwa na wenyewe hawajakuja kuiulizia. Hapo ndipo mambo ya dunia hutatuliwa kila siku, majani yakishapimwa, mpaka baridi iwafukuze watu. Lakini Ijumaa hii hakuna aliyekuwa akitatua kitu. Watu walikuwa wameshikwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa imetoka kwenye Biblia.

Joab alikuwa amekaa mwisho kabisa wa nguzo, akiomba kimoyomoyo asiulizwe. Haikuwa kawaida yake, maana Joab hupenda sana kuulizwa. Wanamwita Mwalimu ingawa hajawahi kushika chaki. Kazi yake ni stoo ya mbolea, ila kila Jumapili baada ya ibada, mwaka wa ishirini na mbili huu, yeye ndiye hufundisha darasa la Biblia katika kanisa la mabati ndani ya shamba. Alhamisi alikuwa ametuma ujumbe kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa, maneno machache tu: Somo la Jumapili, Yohana 15, mstari wa 1 hadi wa 8. Njooni na kalamu.

Ungedhani ametangaza msiba. Watu wa shamba hili wana mazoea yao, na huenda hayapo kwingine: husoma somo la Jumapili kama wengine wanavyosoma gazeti. Yalianza mwaka ambao Joab alifundisha habari za Yusufu na ile miaka saba ya njaa, na wiki iliyofuata zahanati ya shamba ikafungwa. Halafu akafundisha kuvuka Yordani, na kabla mwezi haujaisha laini ya nne nzima, safu yote ya nyumba za wafanyakazi, ikahamishiwa ng'ambo ya mto. Wakati ule Joab alicheka, akawaambia hayo yamegongana tu. Sasa mashine za kuchuna zimeingia, watu wa shamba jirani wamepewa wiki mbili watoke kwenye nyumba za kampuni, na kucheka kumeisha. Na somo la Jumapili hii ni lile la mzabibu na matawi yanayokatwa.

— Mwalimu, mimi sijalala, alianza Ouko.

Ouko huitwa Wakili kwa sababu aliwahi kujitetea mwenyewe kortini katika kesi ya baiskeli, akashindwa, na tangu siku hiyo hutoa ushauri wa sheria kwa yeyote asiyeutaka.

— Nimekaa na hiyo somo yako usiku mzima. Hebu niambieni. Hapa shambani tuko na laini ngapi za nyumba?

— Kumi na nane, akajibu Phyllis kutoka dirishani.

— Yohana ngapi?

— Kumi na tano.

— Mstari wa ngapi mpaka ngapi?

— Moja mpaka nane, Wakili akajijibu. Sasa laini ya kumi na tano iko na nyumba ngapi?

Kila aliyekuwa pale alijua laini ya kumi na tano ina nyumba nane, wala si tisa wala si saba.

— Kwa hivyo ni hao wanaenda, akasema Wakili. Wameandikiwa tayari. Asubuhi nimeuliza watu kwa mstari wa kupima majani, hakuna mtu amenipinga.

— Umeambia watu hiyo maneno pale kwa mizani? akauliza Joab.

— Nimeuliza tu. Kuuliza si kosa.

Joab alijua hayo ni upuzi mtupu. Alijua kwa nini somo liliishia mstari wa nane, kwa sababu karatasi ilisema liishie hapo, na karatasi yenyewe ilikuwa mfukoni mwa koti lake, imekunjwa mara nne. Jumanne Madam Christabel wa ofisi ya welfare, ile ya maslahi ya wafanyakazi, alikuwa amekuja mwenyewe stoo, akisimama mbali na magunia asichafue viatu. Mwalimu, alimwambia, watu wanakusikiliza kuliko wanavyotusikiliza sisi. Jumapili wafundishe hii, akampa ile karatasi. Wajue kukatwa si laana, watu wajiandae roho. Joab alitaka kuuliza wajiandae kwa nini, lakini akajifanya anahesabu magunia. Na alipofika mlangoni, Madam aligeuka akasema, wewe usijali, nyumba yako haina shida. Joab akasema asante. Neno hilo ndilo lililokuwa likimla tangu Jumanne. Asante, kama mtu aliyepewa sukari.

— Nyinyi nyote mnasoma vibaya, akasema Kiplangat.

Huyu si mtu wa kampuni. Ana ekari zake mbili za chai zinazopakana na shamba, na wanamwita Hansadi kwa sababu hukumbuka kila neno lililowahi kusemwa kwenye nguzo ile, siku lilipotoka na mdomo uliolitoa.

— Mnasoma kama watu wa zabibu. Hapa nani amewahi kuona zabibu? Yesu alikuwa anaongea na watu wake kuhusu mmea yao. Sasa sisi, mmea yetu ni gani?

— Chai.

— Na ukipita kwa shamba ya mtu, uone chai imetoa maua, halafu imezaa hizo matunda ngumu, unasema nini?

— Unasema mwenyewe alikufa, akasema Phyllis.

— Ama ameenda jela. Chai nzuri haizai. Chai nzuri inatoa majani tu, unachuna, inatoa tena. Tawi yenye imezaa ndiyo mbaya. Kwa hivyo geuza hiyo somo vile inafaa kugeuzwa. Wenye watakatwa ni wenye wamezaa. Mwenye ako na watoto wanne, watano, hao ndio wanakunywa maji ya kampuni na kujaza nasari ya kampuni. Bachela atabaki.

Ilikuwa hoja ya kipuzi kuliko ile ya kwanza, na bado Joab alimwona Wakili akihesabu watoto wake kwa vidole chini ya kikombe. Akafika sita, akaanza upya labda atapata wachache.

— Kubaki kwa nani, mzee? akasema Zack. Mimi ni bachela na sioni nikibaki.

Zack ni kijana wa mashine ya kuchuna, mmoja wa wawili wanaoishika huku na huku ikinyoa chai kama kichwa cha mwanafunzi. Walimbandika jina la Chuma siku ya kwanza aliyoibeba, na siku hiyo hakuna aliyemsogezea nafasi kwenye nguzo. Sasa wamemzoea. Yeye ndiye hajazoea.

— Hiyo list ya wenye wanaenda haitengenezwi na mtu, akaendelea Chuma. Hizi kadi tunagonga kwa mizani, mnadhani ni za kilo peke yake? Zinajua umechelewa lini, umekohoa lini. Kompyuta ndiyo inachagua. Alafu mnajua kwa nini ni Yohana? Si Mathayo, si Luka. Manager mpya anaitwa nani?

— Sijui. John nani sijui, akasema Wakili. Halafu akagundua alichosema: John ndiye Yohana.

— Mimi sijasema kitu, akasema Chuma.

Siku nyingine kijiwe kizima kingekufa kwa kicheko. Phyllis mwenyewe angepiga dirisha kwa kiganja. Ijumaa hii walitazama tu barabara ya kuingia shambani, ambako ukungu ulikuwa ukishuka kwenye chai. Joab aliogopa kwa ajili yao, na aliogopa kwa ajili yake, na hakujua hofu ipi ilikuwa kubwa.

— Shida yangu ni mstari wa sita, akasema Wakili, sauti imepungua. Hapo matawi yanakusanywa yanatupwa kwa moto. Hiyo moto ni ya nini?

— Wakili, akasema Hansadi.

— Nauliza tu.

— Hiyo mstari wachana nayo.

Wakili akaiacha. Yeye na Joab ni watu wa kutoka ziwani, na kuna mwaka wa uchaguzi ambao watu wa kutoka ziwani walilala porini huku nyumba zao zikichomwa. Usiku tatu za mwaka huo mke wa Joab na watoto walilala kwenye stoo ya mahindi ya Kiplangat. Jambo hilo halijawahi kuzungumzwa kwenye nguzo ile, hata Hansadi mwenye kukumbuka kila kitu hajawahi kulitaja. Ndiyo maana neno moto likitamkwa pale kila mtu hupata kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake.

Joab akaona lazima aseme jambo. Mwalimu akinyamaza, watu hujaza wenyewe.

— Jamani, hiyo somo si ya kukata. Mmeshika neno moja mkaacha mengine. Hapo Yesu anasema mara nyingi zaidi habari ya kukaa. Kaeni ndani yangu, na mimi nikae ndani yenu. Hiyo ndiyo kiini.

— Kukaa wapi, Mwalimu? akauliza Chuma bila utani. Si hiyo ndiyo tunauliza? Tutakaa wapi?

— Na hizo namba za Wakili hazina maana, akasema Joab haraka. Laini ya kumi na tano haihusiki.

Hansadi akageuza shingo polepole.

— Umejuaje?

Joab akagusa mfuko wa koti. Hapo ndipo alipokuwa amenaswa tangu jana. Angeweza kuwatoa ile hofu ya namba kwa neno moja, lakini neno hilo lingewaingiza kwenye hofu nyingine ya kweli, na lingemtoa yeye na mke wake kwenye nyumba waliyoishi miaka ishirini na minne. Mtu wa stoo akitajwa kwamba ametoboa mambo ya ofisi, kesho yake funguo za stoo zina mtu mwingine. Mke wake alikuwa ameshapiga simenti sebuleni kwa mkono wake. Joab aliiwaza ile simenti akajiona mdogo, na bado akaiwaza tena.

— Najua tu, akasema. Neno la Mungu si bahati nasibu.

— Mbona kahawa yako imepoa? akauliza Phyllis. Tangu uketi hujaonja.

— Nimeshiba.

— Tangu lini mtu akashiba kahawa?

Hapo akatokea Dorcus kwenye njia ya shambani, akiwa amejitwika gunia na mkononi kashika fungu la sukuma wiki zilizong'olewa na mizizi yake, udongo ukidondoka. Dorcus huchuna chai, huimba sauti ya pili kanisani, na hakuwahi kukaa kwenye nguzo ile hata siku moja, kwa kuwa mwanamke mwenye watoto wanne hana saa ya kukaa. Nyumba yake ni ya tatu, laini ya kumi na tano.

— Mama Beverly, karibu, akasema Phyllis. Umebeba nini hivyo?

Dorcus akashusha gunia mbele ya kibanda. Vilikuwa viazi. Vidogo, vyeupe, ngozi ikibanduka kwa kuguswa tu, viazi ambavyo vilihitaji mwezi mmoja na nusu zaidi ardhini.

— Unaweza kuchukua hizi? Sitaki ziozee hapo nyuma ya nyumba. Nimechimba zote.

— Na mbona umechimba kama hazijakomaa?

— Si ni sisi tunaenda, akasema Dorcus, akishangaa kuulizwa. Laini ya kumi na tano. Nimesikia asubuhi kwa mizani. Jirani yangu wa nyumba ya nne ameshaangusha nyumba ya kuku, anabeba mabati. Watoto wangu wawili wadogo nimewatuma kwa mama yangu na gari ya Sondu, saa nne. Beverly na mwenzake watafuata wakifunga shule.

Wakili alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

— Dada yangu, mimi nilikuwa nafikiria tu. Nilikuwa nauliza. Kwa sauti, sawa, lakini nilikuwa nauliza.

— Sikulaumu, omera, ndugu yangu. Ni heri mtu ajue mapema.

Alisema kwa upole, na upole huo ulimchoma Joab kuliko kelele. Aliona watoto wawili wadogo ndani ya gari la Sondu, wamebanwa na mizigo ya watu wasiowajua, wakienda kwa bibi kwa sababu ya namba chache alizoandika yeye kwenye simu. Na sukuma wiki ile isingepandika tena.

Dorcus akajipangusa udongo mikononi. Akawatazama wote mmoja mmoja, kisha macho yake yakatua mwisho wa nguzo.

— Mwalimu, mimi sikusoma sana. Nataka kuuliza kitu kimoja tu. Hiyo somo, ni wewe ulichagua?

Ajabu ni kwamba hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo. Walikuwa wamehesabu nyumba na mistari, wamechunguza maua ya chai, kadi za mizani na jina la manager, siku nzima na usiku wake, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyelileta somo. Wakili akamtazama Joab. Hansadi akamtazama. Chuma akaangalia barabarani kama mtu anayesikia pikipiki ya supavaiza.

Neno ndiyo lilikuwa tayari mdomoni. Angesema ndiyo, nilichagua mimi, ni somo kama masomo mengine, Dorcus angepumua, kesho watoto wangerudi, na Jumapili Madam Christabel angekaa kiti chake cha mbele na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu Jumatatu barua zingetoka. Na Dorcus, kama jina lake lingekuwa ndani, angeisoma barua akikumbuka kwamba Mwalimu alimwambia hakuna kitu.

— Hapana, akasema Joab. Nilipewa.

— Na nani?

Akaitoa karatasi mfukoni. Akaikunjua mara zote nne.

— Welfare. Madam alikuja stoo Jumanne. Alisema niwatayarishe.

— Tutayarishwe kwa nini?

— Hakusema. Na mimi sikuuliza. Namba za Wakili ni upuzi, Mama Beverly, hiyo nakuapia. Sijui ni nani na sijui ni wangapi. Lakini kukatwa kuko.

Chuma alijitenga na Joab kwenye nguzo, si mbali sana, kiasi tu cha mtu mmoja kukaa katikati. Phyllis aliacha kupangusa vikombe.

— Na wewe? akauliza Hansadi. Wewe pia uko ndani?

Joab alitamani angeulizwa kitu kingine chochote.

— Aliniambia nyumba yangu haina shida.

— Ukamwambia nini?

— Nikamwambia asante.

Wakili akaketi polepole. Dorcus ndiye alikuwa wa kwanza kuongea, na hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayejaribu kuelewa namna ya kufunga mzigo.

— Sasa Jumapili utasoma vile wanataka?

— Nitasoma, akasema Joab, na sauti ilimtoka nyembamba. Lakini sitaifundisha hivyo. Hapo mwanzo kabisa Yesu anasema mkulima ni Baba yake. Hajasema ni kampuni. Mwenye kushika kisu si ofisi, na ofisi haina ruhusa ya kujiita Mungu ikitaka kufukuza watu. Nitawaambia hivyo. Halafu nitawaonyesha hii karatasi, niseme nani aliileta, ili mtu asichimbe viazi kwa kubahatisha.

— Mbele ya Madam? akanong'ona Phyllis.

— Hukaa kiti cha mbele. Ataona vizuri.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne kifua chake kilikuwa chepesi. Alidhani wangesema kitu, labda amina, labda hata wamkataze. Dorcus alikuwa amekunja kipaji cha uso, akimtazama kwa huruma ileile aliyokuwa nayo kwa viazi vyake.

— Basi Mwalimu, akasema. Hiyo Jumapili jioni, wewe na mama mtalala wapi?

Katika miaka ishirini na miwili hakuna swali la darasani lililowahi kumpita Joab bila jibu, hata kama jibu lilikuwa la kubuni. Alikuwa ameifikiria asubuhi ya Jumapili, kiti cha mbele, karatasi, maneno atakayosema na mahali atakapotua apumue. Jioni yake hakuwa ameifikiria hata kidogo.

Akamtazama Wakili, Wakili akatazama miguu yake. Hansadi alikuwa akiangalia chai yake ng'ambo ya ua, ambayo kila siku hupimwa na mizani ileile na kununuliwa na kampuni ileile. Phyllis akamwaga kahawa ya Joab iliyopoa, akainamisha birika juu ya kikombe chake, yakatoka machicha matupu.